Chupa, Lebo na Visoda

Tazama chupa hii ya kahawia: ina pete mbili nyeupe, moja begani, nyingine karibu na kitako. Hazikuchorwa. Ni mikwaruzo ya kusuguana na chupa nyingine kwenye kreti na mashine, kila iliporudi kiwandani kuoshwa na kujazwa upya. Chupa isiyo na pete haijatembea. Mwenye mfuko mwepesi alikwenda baa na chupa yake tupu, maana asiye nayo alilipia bia na chupa pia. Swali la mhudumu lilikuwa moja tu: baridi au moto?

Lebo ya tembo ni ya bia ya Tusker. Kampuni yake ilianzishwa Kenya mwaka 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo mawindoni, na bia ikapewa jina la tembo dume. Kumkumbuka ndugu kwa kumbandika muuaji wake kwenye chupa ni heshima ya aina yake!

Visoda vilivyo kwenye sinia vina meno 21 kila kimoja. Vilibuniwa na William Painter wa Baltimore, Marekani, aliyepata hataza mwaka 1892. Vya zamani vina kipande cha koki ndani. Vya baadaye, plastiki. Mtaani viligeuka kete za drafti: upande mmoja huchezea vilivyolala kifudifudi, mwingine vilivyolala chali, na kingi ni viwili vilivyopandana. Kete ikipotea, baa haikuwa mbali.