Malaika mlinzi na hirizi: Ni nani amkingaye mja na shari?

IMANI kwamba kila mja amekabidhiwa malaika wa kumlinda ni kongwe, na humu nchini inaishi chini ya paa moja na desturi nyingine chungu nzima za kujikinga. Si ajabu kumwona mtu aliyebatizwa, au aliyehitimu chuoni na kuhifadhi juzuu kadhaa, amevaa hirizi mkononi ilhali anasadiki kwa dhati kwamba malaika wake hambanduki. Ukimuuliza mbona anahitaji walinzi wawili, atacheka tu.

Swali hilo, hata hivyo, si la mzaha. Katika baadhi ya sehemu za Kenya, namna mtu anavyojibu limekuwa suala la uhai na mauti kwa jirani yake.

Tuanze na neno lenyewe. 'Malaika' limetoka katika Kiarabu, ambako ni wingi wa 'malak'. Waswahili walilipokea wakalitumia kwa mmoja na kwa wengi, kisha wakalipanua: mtoto mchanga ni malaika, na vinyweleo laini vya mwilini navyo ni malaika. Asili ya neno hilo ni mjumbe, kama lilivyo neno la Kigiriki 'angelos' lililotumiwa katika Agano Jipya. Malaika basi ni mtumwa kabla ya kuwa mlinzi. Halindi kwa hiari yake, wala hawezi kukodiwa.

Kwa Wakristo, mojawapo ya nguzo za imani hii ni Injili ya Mathayo 18:10, ambapo Yesu anawaonya watu wasiwadharau wadogo, kwa kuwa malaika wao huuona uso wa Mungu daima. Kisa kinachoonyesha jinsi waumini wa kwanza walivyolichukulia jambo hili kimo katika Matendo ya Mitume sura ya 12. Petro, aliyetolewa gerezani na malaika, anabisha mlangoni usiku. Kijakazi Roda anaitambua sauti yake na kukimbia ndani kutoa habari bila hata kumfungulia. Waliomo wanamwambia ana wazimu. Akishikilia, wanasema huyo ni malaika wake. Yaani kwao ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba malaika wa Petro yuko mlangoni kuliko kuamini kwamba ni Petro mwenyewe!

Kisa kingine ni cha Kitabu cha Tobiti, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki lakini ambacho Waprotestanti hukihesabu nje ya Maandiko. Humo malaika Rafaeli anajigeuza kijana aitwaye Azaria na kumsindikiza Tobia safarini hadi Umedi. Anamfundisha kuchoma moyo na ini la samaki ili moshi wake umfukuze pepo aliyekuwa amewaua waume saba wa Sara. Msomaji wa Pwani aliyewahi kuona mtu akifukizwa ubani hatahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kanisa Katoliki huadhimisha sikukuu ya Malaika Walinzi kila tarehe 2 Oktoba. Papa Paulo wa Tano aliiruhusu mnamo 1608, naye Papa Klementi wa Kumi akaifanya ya Kanisa zima mwaka wa 1670. Hata hivyo, Kanisa hilo limekuwa na tahadhari. Sinodi iliyofanyika Roma mwaka wa 745 ilikataa sala zilizoyaita majina ya malaika wasiotajwa katika Maandiko, na mwongozo uliotolewa na Vatican mwaka wa 2001 kuhusu ibada za watu ulirudia kwamba haifai kuwapa malaika majina, isipokuwa Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Kwa upande wa Waprotestanti, John Calvin hakukubali kwamba ni hakika kila mtu ana malaika wake mmoja. Aliona kwamba malaika wote kwa pamoja huangalia usalama wa kila muumini.

Katika Uislamu, Sura ya Ar-Ra'd (13:11) inataja malaika wanaofuatana kwa zamu, mbele na nyuma ya mtu, wakimhifadhi kwa amri ya Mwenyezi Mungu. Hao ni tofauti na waandishi wawili, wa kulia na wa kushoto, wanaotajwa katika Sura ya Qaf (50:17-18), ambao kazi yao ni kunakili matendo wala si kulinda. Watu wengi huwachanganya. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inaeleza kwamba malaika wa usiku na wa mchana hukutana wakati wa sala ya alfajiri na ya alasiri, mithili ya mabawabu wanaopokezana lindo.

Dini zote mbili zinaweka sharti ambalo aghalabu husahaulika. Zaburi ya 91, ambayo Wakristo wengi huisoma wakiwa na hofu, ndiyo ile ile ambayo Shetani aliinukuu katika Mathayo 4 alipomtaka Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu ili malaika wamdake. Yesu alikataa. Nayo aya ile ya Ar-Ra'd inaendelea papo hapo kusema kwamba Mungu habadilishi yaliyo kwa watu mpaka wao wabadilishe yaliyomo nafsini mwao. Mwenye kuendesha matatu kwa kasi kwenye ukungu huku akitegemea kibandiko cha dua kiooni hana hoja katika kitabu chochote kati ya hivi viwili.

Sasa tuiangalie hirizi. Neno hili linatokana na 'hirz' la Kiarabu, lenye maana ya kinga au mahali palipo salama. Jamaa zake ni wengi katika lugha yetu: kago la kulinda shamba, zindiko la nyumba, na kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji na kunywewa. Wanazuoni hawajaafikiana kuhusu hirizi zenye aya za Qurani. Wanaoziruhusu hutaja kwamba sahaba Abdullah bin Amr aliwavisha watoto wake wadogo dua iliyoandikwa. Wanaozipinga humtaja Ibn Mas'ud, aliyezichukia hirizi zote. Wasichobishania ni kisomo chenyewe: Mtume alikuwa akisoma sura tatu za mwisho za Qurani kabla ya kulala, akipuliza viganjani na kujipangusa mwili. Jambo hilo halina malipo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa Kadhi Mkuu kuanzia 1937 hadi alipofariki mwaka wa 1947, alipigana kwa kalamu katika magazeti yake, Sahifa na Al-Islah, dhidi ya itikadi alizoziona hazina msingi katika dini.

Biashara hii, isisahaulike, haiko kwa waganga peke yao. Mijini kuna mafuta na maji ya upako yanayouzwa kwa chupa, na mnunuzi huahidiwa ulinzi ule ule ambao mahubiri ya Jumapili iliyotangulia yalisema ni wa bure.

Wamijikenda nao wana fingo, kinga iliyozikwa ardhini katika kaya ili kuwalinda wakazi wote. Kwa mujibu wa masimulizi yao, mafingo hayo yaliletwa kutoka Singwaya. Waingereza waliitambua nguvu ya mahali hapo katika nyoyo za watu: mnamo Agosti 1914, baada ya viapo vilivyohimizwa na Mekatilili wa Menza, walikilipua kwa baruti kitovu cha Kaya Fungo ya Wagiriama. Misitu ya kaya iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Turathi za Dunia mwaka wa 2008. La kuzingatia ni kwamba fingo ni mali ya jamii nzima, na shari inayozuiwa ni ile itokayo nje.

Malaika, kadhalika, hamtaji adui kwa jina. Hapo ndipo ramli inapoachana na hao wawili. Mteja anayekwenda kilingeni kutafuta kinga mara nyingi hurudi na kitu cha ziada: dokezo kwamba anayemroga ni mtu wa karibu, mzee, pengine wa ukoo wake. Dokezo hilo halifungwi kitambaani likavaliwa. Linatembea.

Mnamo Mei 2008, watu 11, wengi wao ajuza, waliuawa na umati katika eneo la Kisii wakidaiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa huko Marani, katika kaunti hiyo hiyo. Kilifi nako wazee wameuawa mwaka baada ya mwaka, na huko tuhuma za uchawi mara kwa mara huandamana na mzozo wa ardhi ya urithi. Mvi zimewafanya baadhi yao wapake rangi nywele ili wasishukiwe.

Sheria ya Uchawi ya 1925 hufahamika zaidi kwa kuwaadhibu wanaojidai kuwa na uwezo wa kichawi. Kifungu chake cha 6, ambacho ni nadra kutajwa mabarazani, kinamtia hatiani pia yule anayemshutumu mwenzake kwamba ni mchawi, isipokuwa amepeleka shutuma hizo kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka mwingine. Wazee waliowahi kuwakimbia watoto wao wenyewe wamepata hifadhi Kaya Godoma, Ganze, katika kituo kilichotengwa kwa ajili yao.