Mjane Aliyekwenda kwa DC

Nilipokuwa nikifundisha The River and the Source, riwaya ya Margaret Ogola iliyotoka mwaka 1994, swali lililorudi kila mwaka halikuhusu mapenzi. Wasichana walitaka kujua kwa nini Akoko, baada ya kufiwa na mumewe, chifu Owuor Kembo wa Sakwa, hakukubali kurithiwa akatulia. Waliuliza kwa uzito. Wengi walitoka Bondo na Ugenya, na kila mmoja alikuwa na mama, shangazi au nyanya aliyewahi kuketi akingoja wanaume wa ukoo waamue.

Ilinibidi niweke kitabu kando, nianze na boma lenyewe. Mke wa Mjaluo wa zamani hakuolewa na mtu mmoja. Ng'ombe wa mahari walitoka katika zizi la ukoo, na ng'ombe hao walimfunga na jina la mume hata mume akishazikwa. Ndiyo maana mjane aliitwa chi liel, mke wa kaburi. Ndugu wa marehemu aliyekabidhiwa nyumba hiyo, jater, hakuimiliki. Alikuwa na boma lake na wake zake. Huku alikuja na kuondoka. Watoto aliowazaa waliitwa kwa jina la aliyekufa, na shamba lilibaki la wana wa mama huyo. Wanawake wazee walionilea walisema bila haya kwamba jater wa kwanza ni wa mila, wa pili ni wa kuchagua. Mvivu, asiyeshika jembe wala kuezeka paa linalovuja, alikuta mlango umefungwa na hakuna mzee aliyemtetea.

Hivyo sikuwaambia wasichana kwamba tero, desturi hii ya kurithi wajane, ilikuwa jela. Ilikuwa bima, na kama bima zote ilikuwa na masharti yaliyoandikwa na mwingine. Mjane asiyerithiwa alibaki na chola, mkosi wa msiba. Hakuweza kujengewa nyumba mpya, msimu wa kupanda ulimpita akingoja, na wanawe walikwama nyuma yake, kwa kuwa mtoto hamtangulii mama. Na bima hiyo ilitegemea jambo moja: shemeji awe mtu. Akiwa mlafi, mjane alidai kwa nani, ikiwa baraza ni la kaka zake huyo shemeji?

Hapo ndipo Ogola anapomweka Akoko. Binti wa chifu wa Yimbo, aliyeolewa kwa ng'ombe 30, na mume aliyempenda kiasi cha kukataa kuoa mke wa pili ingawa mama yake alimpigia kelele. Mwanawe Obura alitoroka akawa askari wa Mwingereza na kufia vitani. Mwingine, Owang' Sino, alikabwa na mwiba wa samaki, akaacha mtoto mchanga. Mume naye alikuwa amekufa. Shemeji, Otieno, akakalia kiti cha uchifu kwa kisingizio cha kumshikia mtoto, akaanza kula mali. Akoko akafunga safari hadi Kisumu, mji ambao reli ilikuwa imeufikia mwaka 1901 ukiitwa Port Florence, akamshtaki kwa DC, mkuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni.

Wasomaji wengi husifu ujasiri wake hapo. Mimi navutiwa zaidi na hesabu zake. Mwanamke huyu hakusoma hata herufi moja, lakini alitambua kabla ya wanaume wa ukoo wake kwamba nchi sasa ina mabaraza mawili, na kwamba anayeshindwa katika moja anaweza kulijaribu la pili. Serikali hiyohiyo ilikuwa inatoza kodi ya vibanda, cha mjane kikiwemo. Kama wanajua kuhesabu kibanda changu, ni kama anasema, basi na wanisikilize.

Binti yake, Nyabera, alipita mlango mwingine. Alirithiwa, hakuona faida yake, akaenda misheni ya Wakatoliki ya Aluor akabatizwa Maria. Wamisionari walidhani wanavuna roho, na sina shaka walizivuna, ila wajane wengi waliofika misheni za Nyanza walikuwa pia wanatafuta mahali ambapo shemeji hana sauti. Sheria ilikuja kuwafuata baadaye. Sheria ya ndoa za Wakristo Waafrika ya 1931 ilitamka kwamba mjane wa ndoa hiyo halazimiki kuishi na ndugu wa marehemu mumewe, huku ikimwachia haki ya kudai matunzo kwa ndugu huyohuyo. Naipenda sheria hiyo kwa ujanja wake: ilimwondoa mwanamume kitandani, ikamwacha ghalani.

Kisha ikaja kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, na walimu wa rika langu hatukuzungumza jingine miezi yote ile. Wakili huyo alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe Wambui, Mkikuyu aliyefunga naye ndoa ya kiserikali mwaka 1963, alitaka kumzika shambani kwao Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, Nyalgunga, Siaya. Maiti ikakaa mochari miezi mitano. Mahakama ilitaka kujua mila ya Wajaluo ni ipi, na miongoni mwa walioieleza kizimbani walikuwa mchimba makaburi na profesa wa falsafa, Odera Oruka. Jaji Bosire akaupa ukoo ushindi, Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye, na Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Wambui hakwenda.

Ukisoma hukumu ile utajifunza mengi kuhusu makaburi. Kuhusu nani alilima, nani aliuguza, nani alilipa karo, hutajifunza kitu. Miaka saba baadaye Ogola alitoa riwaya iliyojaa mambo hayohayo, na kwa maoni yangu ni kumbukumbu bora ya mila yetu kuliko jalada lile la mahakama. Alikuwa daktari wa watoto, na katika hospisi ya Cottolengo, Nairobi, alitibu mayatima wenye virusi vya Ukimwi. Wakati huo tero ilikuwa imeoza. Badala ya shemeji mwenye boma, familia zilikodi jakowiny, mgeni wa kuondoa mkosi usiku mmoja, alipwe aende kwa mjane mwingine. Masharti yalibaki, bima ikafa. Baadhi ya familia zilitafuta njia ya katikati: koti la mwanamume likaachwa nyumbani mwa mjane mpaka asubuhi, mambo yakaisha.

Ogola na Wambui walifariki mwaka mmoja, 2011, wiki chache zikiwatenganisha. Wambui alikuwa ameishangaza nchi mara ya pili: Julai 2003, akiwa na miaka 67, alifunga ndoa na Peter Mbugua, kijana ambaye hakuwa amefika miaka 30. Magazeti yalicheka, wachungaji wakakemea. Darasani kwangu somo liliharibika kabisa. Mmoja alisema ni aibu, mwingine akasema mjane ambaye ukoo ulimnyang'anya maiti hana deni nao tena. Msichana wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hakusema kitu, aliuliza kama hapo kuna mahari, na ikiwa ipo, ng'ombe watatoka zizi la nani kwenda zizi la nani. Kengele ya mapumziko ililia wakiwa bado wanabishana.