Machafuko ya Albania ya 1997
Machafuko ya Albania ya 1997 yalikuwa uasi wa raia uliozuka baada ya kuporomoka kwa kampuni za upatu, yaani mipango ya piramidi iliyolipa wawekezaji wa awali kwa fedha za wawekezaji wapya. Utawala wa kikomunisti ulipokwisha mwanzoni mwa miaka ya 1990, wananchi hawakuwa na uzoefu wa soko huria, na benki zilikuwa dhaifu. Takriban thuluthi mbili yao waliingia kwenye upatu. Baadhi yao waliuza nyumba na mifugo ili kuwekeza humo. Kampuni hizo zilipoacha kulipa, maandamano yalianza, hasa Vlorë na miji mingine ya kusini, na maghala ya silaha yakaporwa. Watu wapatao 2,000 walikufa. Aprili, kikosi cha kimataifa kilichoongozwa na Italia kiliingia nchini. Wasoshalisti walishinda uchaguzi wa Juni. Rais Sali Berisha alijiuzulu Julai.