Usuluhishi: Kazi ya Barazani na Somo la Chuo Kikuu

Kijana wa kata ya Mbebe, wilayani Ileje, akimaliza kidato cha sita na kutamka mbele ya wazazi wake kwamba ataka kwenda chuo kikuu kusomea usuluhishi wa migogoro, huenda akaulizwa: hiyo nayo ni kazi gani? Udaktari wajulikana, ualimu wajulikana, na uhakimu vilevile. Lakini kupatanisha watu si jambo la wazee, wanaolitenda tangu kale bila ya cheti wala joho? Swali hili ni la haki. Kumjibu mzazi kwamba kila elimu ni nzuri hakumfai kitu aliyeuza mazao yake apate kulipa ada. Sisi twaona afadhali kulijibu kwa njia ya historia, kwani historia ya somo hili inatuhusu sisi wenyewe kuliko wengi wanavyodhani.

Yafaa kwanza tuyatazame maneno. Suluhu tumeipata kutoka Kiarabu, na maana yake ni mapatano baada ya ugomvi. Kuamua ni neno letu la Kibantu, nalo mtu akisema "nimewaamua" hamaanishi kwamba amewahukumu. Amaanisha amewatenganisha waliokuwa wakipigana. Siku hizi mwamuzi ni yule mwenye filimbi uwanjani, au mtu wa kutoa uamuzi usiopingwa, na ile maana ya mkono uliopenya katikati ya wagomvi yaelekea kusahaulika. Tunaitaja kwa sababu ndani yake mna tofauti nzima kati ya hukumu na usuluhishi. Hakimu humpa mmoja na kumnyima mwingine. Msuluhishi huwatenganisha wawili, kisha huwakalisha mpaka wapate neno ambalo wote wawili waweza kuondoka nalo nyumbani.

Wanavyuoni wa Ulaya hupenda kueleza kwamba elimu ya amani ilianzia kwao: taasisi ya utafiti iliyoundwa Oslo mwaka 1959, kisha idara ya chuo kikuu cha Bradford, Uingereza, mwaka 1973. Hayo ni kweli, ila si kweli yote. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilimwajiri Mwingereza mmoja, P. H. Gulliver, awe mtaalamu wake wa mambo ya jamii. Alikaa na Wandendeuli katika nchi ya Songea, akakaa na Waarusha chini ya mlima Meru, na katika wilaya ya Rungwe alichunguza mambo ya ardhi, akayaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1958. Msomaji wa Mbebe na akumbuke kwamba zama hizo nchi ya Undali ilikuwa ndani ya wilaya hiyo ya Rungwe.

Kilichomshangaza Gulliver kwa Wandendeuli ni kwamba majirani walimaliza magomvi yao wenyewe kwa wenyewe, pasipo mtu mwenye mamlaka ya kuwalazimisha. Mwenye dai alikusanya ndugu zake, na mdaiwa akakusanya wake, wakakutana. Palikuwa na maneno makali, palikuwa na kukumbushana madeni ya zamani ya kusaidiana kulima na kuozana, na polepole madai yakapungua hata yakafikia kiasi cha kulipika. Tena, aliyesimama katikati aghalabu hakuwa mgeni asiye na upande. Alikuwa ndugu wa wote wawili, na ugomvi ukidumu ungemuumiza yeye kwanza. Hapo lilipinduka wazo lililoshikwa sana Ulaya, kwamba msuluhishi lazima awe mtu asiyehusika. Kwa Waarusha naye aliona mambo ya namna hiyo: mikutano ya ukoo na ya rika, na wasemaji waliochaguliwa kwa ufasaha wao, ingawa mahakama za serikali zilikuwa karibu.

Alitoa kitabu juu ya Waarusha mwaka 1963 na kingine juu ya Wandendeuli mwaka 1971. Mwaka 1979 akatoa kitabu cha tatu, ambamo alilinganisha majadiliano ya wanakijiji hao na yale ya wafanyakazi na waajiri wa Marekani, akionyesha kwamba yote hupita katika hatua zinazofanana: kutafuta mahali pa kukutania, kupanga yatakayosemwa, kuvutana, kupunguza tofauti, kukubaliana, na kuyatia mapatano muhuri wa desturi. Kitabu hicho kingali kikitajwa katika elimu ya usuluhishi duniani. Basi kijana wetu akienda chuo kikuu kusoma hatua hizo, atakuwa akisomeshwa maarifa yaliyotoka midomoni mwa wazee wa Tanganyika, yakapanda meli, yakarudi na jalada gumu na bei ya kutisha. Majina ya wazee hao hayakuandikwa kwenye jalada.

Hata hivyo hatutaki kulipamba baraza la kale kupita kiasi, kama wafanyavyo baadhi ya waandishi wa utamaduni. Mara nyingi mwanamke alisemewa na kaka au mume. Kijana asiye na ndugu wengi aliingia mkutanoni akiwa ameshashindwa, kwa kuwa nguvu ya dai ilikuwa pia katika wingi wa waliomfuata mdai. Suluhu yaweza kuwa jina zuri la kumnyamazisha mnyonge.

Taifa letu limejaribu kulitengeneza hilo kwa sheria. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yaliondolewa, na mabaraza yao yakaachia nafasi mahakama za mwanzo. Somo la kwanza kufundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipofunguliwa kama chuo kishiriki mwaka 1961, lilikuwa sheria. Kwa hiyo wasomi wetu wa mwanzo walifunzwa zaidi kushinda na kushindwa kuliko kupatana. Lakini usuluhishi haukufa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliagiza kwamba, isipokuwa kwa sababu maalumu, wanandoa wasiende mahakamani kutaka talaka kabla ya kupita mbele ya baraza la usuluhishi. Mwaka 1985 yakaundwa mabaraza ya kata, na mwaka 2002 yakapewa kazi ya migogoro ya ardhi: wajumbe kati ya 4 na 8, watatu wao wanawake, na wakili haruhusiwi kumsemea mtu humo. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa tena. Baraza la kata likapokonywa uwezo wa kuhukumu mashauri ya ardhi, likabakiwa na kazi ya kupatanisha tu, na likishindwa katika siku 30 mlalamikaji aweza kwenda baraza la wilaya.

Wako walioyaona mabadiliko hayo kuwa ni kulivunjia heshima baraza. Sisi twayaona kinyume. Kuhukumu ni rahisi kuliko kupatanisha. Mwenye rungu hahitaji ufasaha. Sasa wajumbe wa Mbebe na wa kata zote nchini wametakiwa kufanya ile kazi iliyo ngumu zaidi, na hapa ndipo mzazi wetu angeuliza: ni nani amewafundisha?

Huko juu, penye mambo ya mataifa, mafunzo yalifikiriwa mapema. Mwaka 1978 Tanzania na Msumbiji zilianzisha pamoja chuo cha diplomasia pale Kurasini, Dar es Salaam, ambacho sasa kimepewa jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika toka 1989 hadi 2001, na baadaye msuluhishi wa Umoja wa Afrika katika mazungumzo ya Darfur. Mwalimu Nyerere alisuluhisha Warundi tangu 1996 mpaka alipofariki mwaka 1999. Mapatano yakatiwa sahihi Agosti 2000 mikononi mwa Nelson Mandela. Wala Mwalimu hakuwa na shahada ya usuluhishi. Wanaotumia mfano huo kumkatisha tamaa kijana wasahau kwanza kwamba Nyerere mmoja hawezi kugawanywa katika kata zote za Tanzania.

Na kazi iko wapi? Tusimdanganye kijana. Katika ofisi ya kata hamna meza yenye kibao cha msuluhishi, na wajumbe wa baraza hawalipwi mshahara. Penye ajira ni kwingine: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 kwa ajili ya magomvi ya kazini, mahakama, ambazo tangu 1994 zimetakiwa kujaribu upatanishi katika mashauri ya madai, ustawi wa jamii, mambo ya nje, na mashirika yahudumiayo wakimbizi. Nafasi si nyingi, na washindani wengi wana shahada ya sheria. Anayesoma usuluhishi peke yake atapata shida kuliko anayeuongeza juu ya sheria, ardhi au ualimu.

Lakini wilaya ya Ileje inao mgogoro wake usiongoja ajira. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliufanya mto Songwe kuwa mpaka, na mto huo, ufikapo tambarare karibu na ziwa, hufurika na kuhama njia yake. Aliyelala Mtanzania huweza kuamka shamba lake likiwa ng'ambo, upande wa Malawi, na wa ng'ambo vivyo hivyo. Serikali mbili zimeunda mpango wa pamoja wa bonde la Songwe ili kuutuliza mto. Na suala la mpaka katika ziwa lenyewe, lililopamba moto mwaka 2012, lilipelekwa kwa viongozi wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano. Hayo ni ya wakubwa. Mkulima mwenye mpunga uliobaki ng'ambo atahitaji mtu ajuaye Kindali na Kiswahili, asomaye ramani na sheria za nchi mbili, na mwenye ndugu pande zote za mto. Ndugu huyo yupo tayari Ileje. Ramani na sheria ndizo atakazozifuata chuoni.