Wakimbizi wa Kizungu wa Tengeru

Nilikuwa Arusha kikazi kwa siku nne, kwenye moja ya ile mikutano ya hotelini ambayo mwandishi anakaa kutwa nzima akisikiliza hotuba, anakula vizuri, halafu jioni anagundua hana habari ya kuandika. Siku ya tatu nikatoroka. Nikapanda Hiace ya kwenda Usa River, nikashuka Tengeru, nikamfuata kijana wa bodaboda.

"Kaka, nipeleke kwenye yale makaburi ya Wapolandi."

"Ya wale Wazungu wakimbizi? Panda twende."

Wazungu wakimbizi. Kijana wa watu alilitamka kama jambo la kawaida kabisa, lakini mimi kichwani liligoma kukaa. Nimemaliza chuo kikuu, nimesoma historia mpaka kidato cha sita, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kukutana na maneno hayo mawili yakiwa yamekaa pamoja. Mzungu ni mkoloni, mmisionari, mtalii au mfadhili. Mkimbizi ni mtu wa Kigoma au Ngara, mwenye godoro kichwani. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo na sisi tunavyoandika magazetini.

Makaburi yako karibu na Ziwa Duluti, pana miti mikubwa na kimya cha ajabu. Nikamsalimia mzee aliyekuwa anafagia majani, "Shikamoo mzee," akaniitikia, akanionyesha kwa mkono kwamba niingie tu. Makaburi yapata 150, yamepangwa kwa mistari, mengi yana misalaba, na majina yake mimi ningeshindwa hata kuyasoma kwa sauti. Nilianza kupiga hesabu za miaka iliyoandikwa. Mwingine alizaliwa karne ya 19 akafa 1943. Mwingine alikuwa mtoto. Wote hao walitoka Polandi, nchi ya theluji, wakaja kufia chini ya Mlima Meru. Walifikaje?

Twende polepole. Septemba 1939 Ujerumani ya Hitler iliivamia Polandi kutoka magharibi, na tarehe 17 ya mwezi huohuo Urusi ya Kisovieti ikaivamia kutoka mashariki. Wakagawana nchi kama watu wanavyogawana nyama. Kuanzia Februari 1940 Wasovieti wakaanza kuwakamata Wapolandi wa upande wao, familia kwa familia, na kuwapakia kwenye mabehewa ya mizigo kuelekea Siberia, Kazakhstan na misitu ya kaskazini. Mamia ya maelfu ya watu. Huko walikata magogo, walilima, na wengi walikufa kwa njaa, baridi na maradhi.

Mwaka 1941 Hitler akamgeukia Stalin. Sasa Stalin akahitaji marafiki, na Wapolandi wakaambiwa wamesamehewa, ingawa hakuna aliyewaambia walisamehewa kosa gani. Jenerali Władysław Anders akaruhusiwa kuunda jeshi la Wapolandi hukohuko Urusi. Mwaka 1942 jeshi hilo likavuka Bahari ya Kaspi kuingia Iran, likiwa limeongozana na makumi ya maelfu ya raia: wake, watoto, wazee na mayatima. Wanaume wakabaki jeshini, na baadaye wakapigana Monte Cassino, Italia, mwaka 1944. Je, wanawake na watoto waende wapi? Ulaya ilikuwa inaungua. Waingereza wakafungua ramani ya himaya yao wakaanza kugawa. Wengine walipelekwa India. Mexico na New Zealand nazo zilipokea baadhi. Na watu wapatao 18,000 wakaletwa Afrika: Kenya, Uganda, Tanganyika, Rhodesia zote mbili na Afrika Kusini.

Hapa kwetu kambi zilikuwa Tengeru, Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Uganda kulikuwa na Masindi na Koja. Tengeru ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, ikiwa na watu karibu 5,000. Kwa Tanganyika ya miaka ile huo ulikuwa mji kamili, na mji wa wanawake na watoto.

Sasa hapa ndipo napenda tukae kidogo, maana vita vimeandikwa sana lakini maisha ya siku kwa siku hayaandikwi.

Hebu fikiria wewe ni mama wa miaka 30. Miaka miwili umeishi kwenye baridi inayopasua mawe. Mtoto mmoja umemzika njiani, mume yuko jeshini na hujui kama yu hai. Unashushwa melini kwenye pwani ya Afrika Mashariki, unapandishwa treni, halafu lori, na unakabidhiwa nyumba ya msonge yenye kuta zilizopakwa chokaa, paa la nyasi na majani ya migomba, dirisha lisilo na kioo. Ndani kuna vitanda na vyandarua. Nje kuna mlima usioujua jina. Usiku unasikia fisi. Unaanzia wapi?

Walianzia pale ambapo sisi sote tungeanzia. Walifagia. Walipanda maua mbele ya mlango na mboga nyuma ya nyumba. Walijifunza kwamba chandarua kinachomekwa chini ya godoro kabla mbu hawajaamka, na kwamba kwinini ni chungu lakini kaburi ni chungu zaidi. Walijifunza ndizi mbichi ni chakula na ndizi mbivu ni kitu kingine. Walijifunza Kiswahili cha sokoni, kile cha bei gani, punguza, mayai mangapi, kwa sababu majirani Wameru walikuja na matunda na mayai, na wao walikuwa na nguo na vitu vya kushona vya kubadilishana. Mtu anayepunguziwa bei ameanza kuwa mwenyeji, sivyo?

Baada ya muda Tengeru ikawa na shule za msingi na sekondari, shule ya kilimo na ya ushonaji, hospitali, karakana za kufuma, na shamba la mboga na mifugo. Palikuwa na kanisa Katoliki, na waumini wa Orthodox na Wayahudi nao wakawa na mahali pao pa ibada. Watoto wakavaa sare za skauti. Masomo yalifundishwa kwa Kipolandi, mtoto akisoma mito na miji ya nchi ambayo wengine waliiacha wakiwa wadogo mno kuikumbuka. Noeli ilifika bila theluji, jua la Desemba likiwaka, na nyimbo zikaimbwa vilevile.

Nikisoma habari zao naona jambo moja. Watu hawa hawakuwa na nia ya kukaa. Kila siku walisubiri vita viishe warudi kwao. Lakini huwezi kusubiri kwa miaka bila kupika, na huwezi kupika kila siku mahali palepale bila pale mahali kuanza kuwa pako. Nyumbani kunakuingia kwa mlango wa jikoni wakati wewe unaangalia barabarani.

Serikali ya kikoloni, kwa upande wake, ilikuwa na wasiwasi. Utawala ule ulisimama juu ya hadithi kwamba Mzungu ni bwana, hana njaa, hatembei peku, hafanyi kazi ya jembe. Leo wanaletwa Wazungu 5,000 masikini, wanaokula chakula cha mgawo na kubadilishana shati kwa mayai na mwanamke wa Kimeru. Waingereza hawakupenda sana Mwafrika aone hayo. Ndiyo maana kambi ziliwekwa kando, mipaka ikaangaliwa, na Waafrika wakaajiriwa humo kwa kazi za sulubu. Yaani mkimbizi asiye na nchi alikuwa bado na mtumishi. Nalisema hili si kwa kuwalaumu akina mama wale, ambao hawakutunga sheria za rangi, ila tusije tukaigeuza Tengeru kuwa hadithi tamu ya undugu. Rangi ilikuwa na ngazi zake, hata kwa aliyefika mikono mitupu.

Vita vikaisha mwaka 1945. Mnadhani walifurahi? Katika mkutano wa Yalta, Februari mwaka huo, wakubwa watatu walikubaliana kwamba mashariki ya Polandi ibaki kwa Stalin. Wengi wa watu wa Tengeru walitoka hukohuko mashariki. Kwa hiyo vijiji vyao sasa vilikuwa nchi nyingine, na nchi yenyewe ndiyo iliyowapeleka Siberia. Mwezi Julai Uingereza ikaitambua serikali mpya ya Warsaw na kuitupa ile ya uhamishoni London. Mtu aliyekuwa anasubiri kurudi akajikuta hana pa kurudi.

Wakaanza kutawanyika. Wenye waume au watoto wa kiume jeshini wakaenda Uingereza. Wachache walirudi Polandi. Mwaka 1949 mayatima zaidi ya 100 walitolewa Tengeru, wakapitia Italia hadi Canada, huku serikali ya Warsaw ikilalamika kwamba wameibwa. Februari 1950 meli ya General Langfitt iliondoka Mombasa na Wapolandi zaidi ya 1,100, ikawashusha Fremantle, Australia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi ya Tengeru ikawa imekwisha. Fikiria mtoto aliyefika akiwa na miaka 6 na kuondoka akiwa na 14. Ukimwuliza kwao wapi, atasemaje? Wachache kabisa walibaki, wakazeekea hapahapa.

Ningeweza kuishia hapo, tukasikitika kidogo, basi. Lakini kuna ukurasa wa pili ambao hauandikwi pamoja na huu, na mimi naona ni hadithi moja.

Mwaka 1951, wakati vumbi la kambi halijatulia, serikali ileile iliyowatafutia Wapolandi makao ilikwenda Engare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki wa Mlima huohuo wa Meru, ikawaamuru Wameru wahame. Ardhi ilitakiwa kwa ajili ya mashamba 13 ya walowezi wa kufuga ng'ombe. Novemba mwaka huo nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa, na watu karibu 3,000 wakaondolewa kwa nguvu. Wameru wakachanga fedha zao, wakamtuma Kirilo Japhet kwenda Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, akishirikiana na wakili Earle Seaton. Alizungumza mbele ya dunia. Kwenye Baraza Kuu azimio la kuwatetea halikupata kura za kutosha, lakini kesi ile iliwaamsha watu wengi hapa nchini, na miaka miwili baadaye TANU ikazaliwa.

Tazama basi. Mlima ni mmoja. Upande huu mtu aliyefukuzwa kwao anapewa paa, shule na chandarua. Upande ule mwenye mlima anachomewa nyumba. Na ofisi iliyotia saini ni ileile. Hakuna aliyewauliza Wameru kama Tengeru itumike kuwapokea wageni, kama vile hakuna aliyewauliza walipofukuzwa. Ukarimu wa mkoloni ulikuwa ni ukarimu wa mali ya mwingine.

Lakini wale akina mama wa Kimeru waliopeleka mayai kambini, wao walitoa cha kwao. Ndiyo tofauti ninayoiona mimi.

Sasa nitubu. Mwanzoni nilipoingia kwenye kazi hii nilitumwa kuandika habari ya wakimbizi kambini, magharibi mwa nchi. Nilirudi na idadi: wangapi wameingia, wangapi watarudishwa, chakula cha siku ngapi kimebaki. Kulikuwa na mama mmoja amepanda kitu kama mchicha pembeni ya hema lake, mistari imenyooka, amezungushia vijiti kuku wasiingie. Nilimpita. Sikumwuliza jina wala mbegu alipata wapi. Nilikuwa nawahi gari. Habari ilitoka ukurasa wa 5, na mhariri alinipongeza kwa takwimu.

Juzi Tengeru, mbele ya yale makaburi, yule mama na mchicha wake alinirudia. Nchi yetu imepokea watu wengi. Mwaka 2014 tulikamilisha kuwapa uraia Warundi wapatao 162,000 waliokimbia mwaka 1972 na uzao wao, watu waliofyeka pori la Katumba, Mishamo na Ulyankulu mpaka likawa mashamba. Nani ameandika walivyopika siku ya kwanza? Wapolandi angalau wana mawe yenye majina, na ndugu zao husafiri kutoka mbali kuja kuwasha mishumaa.

Wakati natoka, yule mzee alikuwa bado anafagia. Nilimwuliza kama kazi hii haimchoshi, kufagia makaburi ya watu asiowajua. Akasema majani yanaanguka kila siku. Nikamshukuru, nikapanda bodaboda, nikarudi mkutanoni kuwahi hotuba ya kufunga.

Kama bibi au babu yako alikaa karibu na Tengeru, Ifunda, Kidugala, Kondoa au Morogoro enzi zile, mwulize leo, usingoje kesho. Mwulize walibadilishana nini na wale Wazungu. Na kama wewe mwenyewe uko ughaibuni unasoma haya, andika mahali kitu cha kwanza ulichopika ulipofika. Siku moja kuna mtu atakihitaji.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.