Mzinga wa Königsberg: Asili au Halisi?

Katika toleo hili tunajadili maneno mawili ambayo wanafunzi wetu huyachanganya kila muhula, asili na halisi. Safari hii hatutayatafuta katika kamusi bali katika chuma: mizinga ya manowari ya Kijerumani Königsberg. Mmoja wake uko hapa kwetu Uganda, mjini Jinja. Mwingine uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria.

Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliizingira humo, na tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa sana, mabaharia wake waliizamisha wenyewe. Mizinga yake yote 10 iliopolewa na kupelekwa Dar es Salaam. Mzinga wa meli hauna magurudumu. Kazi yake ni kukaa juu ya sitaha. Ilibidi mafundi waiundie magari ndipo iweze kukokotwa nchi kavu. Mmoja ulipachikwa kwenye meli Graf von Götzen, Ziwa Tanganyika. Mizinga ya Pegasus nayo iliopolewa, na Waingereza wakaitumia katika vita hivyo hivyo.

Basi mtu atajuaje upi ni upi? Kipenyo cha mdomo wa mzinga wa Königsberg ni milimita 105. Ule wa Pegasus ni inchi 4, yaani milimita 101.6. Tofauti hiyo jicho haliioni, na kutu huweza kuificha hata mbele ya kipimo. Ni afadhali kutazama nyuma. Mzinga wa Kijerumani hufungwa kwa pande la chuma linaloteleza kwenda upande, kama droo ya meza. Wa Kiingereza hufungwa kwa kizibo cha kuzungushwa, chenye hesi kama parafujo. Halafu kuna mihuri: jina la Krupp na namba kwa Wajerumani, alama ya mshale kwa Waingereza. Mihuri hii haina kina kirefu. Rangi ikipakwa mara tatu nne huifunika, na msasa huifuta kabisa. Sisi tuliozoea miswada ya kale tunajua hasara ya kukwangua jina la mnakili.

Lakini kutu nayo haiwezi kuachwa. Chumvi ya bahari hupenya ndani ya chuma, na ukiipaka rangi juu, kutu huendelea kula chini kwa chini. Wahifadhi hupiga picha na kuandika kila alama kwanza, kisha hukilowesha kipande katika maji ya magadi na kupitisha umeme mdogo mpaka chumvi itoke. Kwa kipande kikubwa kazi hiyo huchukua miezi mingi. Ndoo ya rangi ni rahisi zaidi, na ndiyo maana hupendwa.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye magurudumu. Fundi anayetaka kuurudisha mzinga katika asili yake atayaondoa, kwa kuwa melini hayakuwapo. Sisi hatukubaliani naye. Gari lililoundwa 1915 si la asili, ila ni halisi, tena ndilo linaloeleza namna silaha ya baharini ilivyopigana porini. Kwanza lichunguzwe, kwa kulilinganisha na picha za wakati wa vita, maana huenda liliwekwa baadaye kwa ajili ya maonyesho tu. Likithibitika, lisiguswe. Wapagazi wa Waingereza angalau waliacha jina, Kariakoo ya Dar es Salaam. Waliokokota mizinga hii kwa amri ya Wajerumani hawakuachiwa hata mtaa. Alama za kazi yao, kama zimesalia, zitakuwa kwenye mhimili uliopinda au ribiti iliyopigwa upya njiani.