Mkopeshaji Mgeni na Mdaiwa Mwenyeji: Historia ya Deni katika Chato na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Wilaya ya Chato, iliyo kwenye ukingo wa kusini-magharibi wa Ziwa Victoria, ilikuwa sehemu ya Biharamulo kabla ya kuwa wilaya inayojitegemea na hatimaye kuingizwa katika Mkoa mpya wa Geita mwaka 2012, lakini historia ya mikopo katika eneo hilo haifuati mipaka ya utawala bali hufuata bidhaa zilizowavuta wageni wenye fedha, yaani pembe za ndovu, kisha pamba, kisha dhahabu. Katika vipindi vyote vitatu mkopeshaji alikuwa mtu wa mbali aliyeishi ugenini, na mkopaji alikuwa mtu wa papo hapo au msafiri aliyejua njia za papo hapo. Hatari iliyomkabili mkopeshaji haikutokana sana na ukosefu wa uaminifu wa mdaiwa, ingawa vitabu vingi vya wasafiri na maofisa wa kikoloni viliieleza hivyo. Ilitokana na ukweli kwamba mgeni hakuwa na kitu cha kushika iwapo deni lingekwama, na kwa sababu hiyo alijifunza kulipwa kupitia bei.

Tofauti hiyo huonekana wazi deni la wageni linapolinganishwa na deni la wenyeji wenyewe. Uzinza, jina la kale la nchi inayozunguka Chato, Geita na sehemu za Biharamulo na Sengerema, ilikuwa nchi ya wafua chuma mashuhuri walioitwa Warongo, ambao majembe yao yalibadilishwa kwa mifugo na nafaka mpaka Usukuma. Katika biashara hiyo, na vilevile katika desturi ya mwenye mifugo mingi kumkabidhi ndugu au jirani ng'ombe awatunze na kufaidi maziwa yao, deni lilidumu miaka bila karatasi yoyote, maana dhamana yake, yaani kitu kinachomhakikishia mdai kuwa atalipwa, ilikuwa ukoo mzima wa mdaiwa. Mtu aliweza kukimbia, lakini kaka zake, mashamba yake na jina la baba yake vilibaki, na wazee waliweza kuketi na kuamua nani alipe. Mgeni hakuwa na kikao cha namna hiyo.

Wafanyabiashara wa misafara wa karne ya 19 walilijua jambo hili mapema. Musa Mzuri, Mhindi mwenye asili ya Surat aliyeishi Tabora kwa miaka mingi na kufanya biashara ya pembe mpaka Karagwe kabla ya kufariki mwaka 1861, alikuwa miongoni mwa wageni wa kwanza kuweka mtaji wao ndani kabisa ya bara. Mwaka huohuo msafiri John Hanning Speke alipita Uzinza, akacheleweshwa kwa miezi na watawala waliodai hongo, yaani ushuru wa njia uliolipwa kwa vitambaa, shanga na waya. Na ni vema kukumbuka kuwa hongo hiyo, iliyomkasirisha sana Mwingereza huyo, ilikuwa gharama ambayo kila mkopeshaji wa pwani alipaswa kuihesabu kabla msafara haujaondoka. Matajiri wa Unguja, kama Tharia Topan aliyegharimia safari za mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip, walitoa bidhaa kwa utaratibu ambao hadi leo huitwa mali kauli, maana yake mali inayochukuliwa kwa neno la mdomo ili ilipwe baadaye. Waislamu wengi kati yao hawakuandika riba, kwa kuwa dini iliikataza. Badala yake vitambaa vilihesabiwa kwa bei ya juu vilipotoka ghalani, na pembe zikahesabiwa kwa bei ya chini zilipofika. Hata hivyo bei haikuweza kufidia kila kitu. Wapo wafanyabiashara waliobaki Tabora na Ujiji maisha yao yote kwa sababu kurudi pwani kulimaanisha kukutana na wadai, na hakuna nguvu yoyote ya Unguja iliyoweza kuwafuata huko.

Utawala wa Wajerumani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ule wa Waingereza, ulimsogeza mkopeshaji karibu zaidi na mkulima. Maduka ya Wahindi yalienea kutoka Mwanza kuelekea vijijini, baadhi yakifuata nyayo za nyumba kubwa za biashara kama ile ya Alidina Visram, aliyefariki mwaka 1916 akiwa na matawi mengi Afrika Mashariki. Pamba ilipokuwa zao kuu la Kanda ya Ziwa, mwenye duka alikuwa mara nyingi ndiye huyohuyo mnunuzi wa pamba au wakala wa mwenye kiwanda cha kuchambulia, na mkulima aliyehitaji chumvi, jembe, kaniki au fedha za kodi wakati wa njaa alichukua bidhaa kwa ahadi ya pamba iliyokuwa bado shambani. Wakulima walilalamikia mizani, na malalamiko yao yalikuwa na msingi. Lakini mizani ile ilikuwa pia mahali ambapo deni lilikusanywa, kwa maana mwenye duka asiyeweza kumshitaki mkulima aliweza kumpunja kilo kadhaa msimu ulipofika. Jambo hilo halimtakasi mwenye duka. Linaonyesha tu kwamba udanganyifu na mkopo vilikua katika chungu kimoja.

Sheria ya kikoloni iliukaza mpangilio huu ikidai kuuzuia. Kuanzia mwaka 1923, na kwa sheria iliyoandikwa upya mwaka 1931, serikali ya Tanganyika iliweka kanuni kwamba deni ambalo mwenyeji, yaani Mwafrika, aliwiwa na mtu asiye mwenyeji lisingeweza kudaiwa mahakamani isipokuwa mkopo wenyewe uwe umeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Wakati huohuo Sheria ya Ardhi ya 1923 iliiweka ardhi yote chini ya Gavana, na kanuni zake hazikuruhusu ardhi ya Mwafrika ipite mikononi mwa mtu asiye Mwafrika bila idhini ya juu, hivyo shamba halikuweza kuwa rahani, yaani mali inayowekwa kwa mdai mpaka deni lilipwe. Lengo lililotangazwa lilikuwa kumlinda mkulima asinyang'anywe ardhi kama ilivyotokea kwa wakulima wa India waliozama katika madeni ya wakopeshaji, na kwa upande wa ardhi lengo hilo lilifikiwa kwa kiasi kikubwa. Kwa upande wa mkopo matokeo yalikuwa mengine kabisa. Mwenye duka aliendelea kukopesha, ila sasa alikopesha nje ya sheria, kwa daftari lake mwenyewe na kwa bei zilizobeba hasara ya wote ambao wasingelipa, na aliyeumia zaidi alikuwa Mwafrika aliyetaka kufungua duka lake mwenyewe, kwa sababu wauzaji wa jumla wa Mwanza hawakuwa na sababu ya kumwamini mtu ambaye sheria ilikuwa imetangaza mapema kuwa hadaiwi. Wafanyabiashara Waafrika waliilalamikia sheria hiyo kwa miaka mingi, wakisema, kwa haki, kwamba ulinzi wa namna hiyo uliwaweka katika daraja la watoto.

Jibu la wakulima halikutoka mahakamani. Vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani, ambavyo mwaka 1955 viliunganishwa katika shirikisho la Victoria, vilichukua ununuzi wa pamba kutoka kwa mawakala, na kwa kufanya hivyo vilimnyima mkopeshaji mgeni mizani aliyoitumia kujilipa. Mwaka 1958 watu wa Geita walikataa halmashauri ya wilaya iliyokusudiwa kuwachanganya Waafrika, Wahindi na Wazungu, na ingawa mgogoro huo ulihusu siasa kuliko biashara, ni vigumu kuutenganisha na miaka mingi ya hesabu za dukani.

Dhahabu iliurudisha mpangilio wa zamani. Mgodi wa Geita uliochimbwa na kampuni ya kikoloni tangu miaka ya 1930 hadi 1966 uliajiri kwa mishahara na haukukopesha. Mambo yalibadilika pale wachimbaji wadogo walipoongezeka tangu miaka ya 1980 katika maeneo kama Nyarugusu na Rwamgasa, na wanunuzi wakafika mpaka miji midogo ya biashara kama Buseresere. Kwa lugha ya migodini, shimo huitwa duara, na mwenye duara ndiye anayegharimia chakula, magogo na pampu kabla jiwe lolote halijatoka. Mara nyingi fedha hizo hutoka kwa mnunuzi, ambaye pengine hukopesha hata zebaki ya kukamatia dhahabu, kwa sharti kwamba mzigo utauzwa kwake tu na kwa bei yake. Mgeni wa nchi ana tatizo la ziada, kwa sababu Sheria ya Madini ya 2010 humpa raia peke yake leseni ya uchimbaji mdogo, hivyo mtaji wake huingia kwa jina la mwenyeji, kama mkopo au ubia usioandikwa, na duara likikauka au mwenye leseni akibadili nia, mgeni hugundua kuwa mali anayoidai kisheria haikuwa yake hata siku moja.

Mahakama haimsaidii sana. Sheria ya Mikataba ya 1961, iliyochukua mahali pa ile ya India iliyotumika Tanganyika, hubatilisha makubaliano yenye lengo lililokatazwa na sheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 humtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 humzuia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, jambo linaloendeleza, kwa sababu tofauti, kizuizi cha mwaka 1923. Soko la madini lililofunguliwa Geita Machi 2019, ambapo dhahabu hupimwa na kuuzwa mbele ya maofisa, lilikusudiwa kuziba utoroshaji na kuongeza kodi, lakini lilifanya pia kile ambacho ushirika ulifanya kwa pamba, kwani lilipunguza nafasi ya mkopeshaji kujilipa kwa kupunja bei. Amri ya serikali ya Julai 2025 ilikwenda mbali zaidi, ikataja uchimbaji mdogo, uhamishaji wa fedha kwa simu na ununuzi wa mazao shambani kati ya biashara 15 ambazo wasio raia hawaruhusiwi kuzifanya, na ikamwekea adhabu hata raia anayewasaidia. Kwa kuwa duara bado linahitaji pampu kabla ya kutoa chochote, na benki bado huogopa shimo lisilo na hati, fedha ya mgeni itaendelea kutafuta jina la mwenyeji la kujifunika, na bei ya kujifunika huko italipwa, kama zamani, na mchimbaji aliye chini kabisa.